Mkono wa polepole, saa ya haraka: nilichofundishwa na wazee waliovunjika nyonga

Mwaka wangu wa pili katika kazi ya kutoa dawa za usingizi na ganzi nililetewa usiku mzee wa miaka 84 aliyeteleza bafuni akavunjika shingo ya mfupa wa paja. Alikuwa mwepesi, kilo 50 au pungufu, na ngozi ya mikono yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mishipa ilionekana kama imechorwa juu yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza kama nimepata hata dakika ya kupumzika tangu asubuhi. Nikapiga hesabu ya propofoli, dawa ya kumlaza usingizi, kama nilivyozoea kwa vijana, miligramu mbili kwa kila kilo, nikasukuma dawa, nikamtazama usoni. Macho yako wazi. Sekunde 30 zikapita, bado ananitazama. Nikaona dawa haijatosha, nikaongeza.

Alisinzia muda mfupi baadaye. Pumzi ikakatika, na mkanda wa presha ulipomaliza kujaa na kulegea, monita ikaonyesha 52 kwa 28. Nilimpa efedrini ya kuinua presha, nikarudia, kisha adrenalini kidogo kidogo, na mikono ikinitetemeka nikaomba daktari bingwa aitwe. Alipofika hakunigombeza. Alisimama kichwani pa mgonjwa, akasubiri presha ipande hadi juu ya 100, ndipo akaniambia: "Uliongeza dozi wakati ile ya kwanza bado iko njiani."

Mzee yule alipona, akatoka wodini. Lakini neno lile, "bado iko njiani", nimelibeba kila siku tangu hapo. Moyo wa mzee husukuma damu polepole. Dawa inayoingia kwenye mshipa wa mkono wa kijana hufika kwenye ubongo haraka, lakini kwa mtu wa miaka 84 inaweza kuchukua dakika nzima na zaidi. Ikifika, inakuta ubongo unaohitaji dawa kidogo na mishipa ya damu iliyokakamaa, isiyoweza kujibana upesi kuinua presha iliyoanguka. Gesi za usingizi nazo ni hivyo hivyo: mahitaji hupungua kwa karibu asilimia 6 kila muongo baada ya miaka 40, kwa hiyo wa miaka 80 anahitaji pungufu ya kama robo. Siku hizi naanza na miligramu moja kwa kilo, mara nyingi chini ya hapo, nasukuma taratibu, halafu naondoa kidole kwenye bomba la sindano na kuhesabu hadi 90 kabla ya kufikiria kuongeza. Wanafunzi wangu huchoka kunisubiri. Nawaambia wahesabu pamoja nami kwa sauti.

Kosa langu la pili lilikuwa la upande mwingine kabisa, na ndilo linaloniuma zaidi.

Bibi wa miaka 79 aliingia Ijumaa jioni. Nilimweka kipimo kifuani nikasikia mvumo kwenye moyo, upande wa vali ya aota, mlango wa damu inayotoka moyoni. Nikaandika kwenye faili kwamba asipelekwe thieta mpaka afanyiwe eko ya moyo, kipimo cha mawimbi ya sauti. Mpimaji wa eko angepatikana Jumatatu. Nilijiona mwangalifu. Nilikuwa nimesoma kwamba vali iliyobana na ganzi ya mgongo havipatani, nami sikutaka kuua mtu. Bibi akalala chali Jumamosi, akalala chali Jumapili. Kila asubuhi alinyimwa chakula na maji kwa sababu wodini walidhani huenda akaitwa, na kila jioni wakamwambia si leo. Jumatatu eko ilionyesha vali iliyobana kwa wastani tu, hali ambayo isingebadilisha chochote katika mpango wangu. Kufikia hapo alikuwa na homa na nimonia, na kisigino kimoja kilikuwa kimeanza kidonda cha kulalia. Tulimfanyia upasuaji Jumanne. Alifariki siku ya tisa.

Siwezi kusema kwa uhakika kwamba kusubiri ndiko kulikomuua. Ninachojua ni kwamba kusubiri hakukumpa kitu chochote. Kwa nyonga iliyovunjika, kila siku ya kitandani ina gharama: mapafu hujaa, damu huganda miguuni, misuli huyeyuka, maumivu humnyima mtu usingizi mpaka akili inatetereka. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2020, uliohusisha karibu wagonjwa 3,000 katika nchi 17, ulilinganisha wale waliopelekwa thieta ndani ya takriban saa 6 tangu kugunduliwa na wale waliofanyiwa baada ya takriban saa 24. Vifo havikupungua kwa kiasi cha kuhesabika, lakini waliowahishwa walichanganyikiwa akili kwa uchache. Waliosubiri mle walisubiri kwa wastani siku moja tu. Bibi yangu nilimsubirisha siku nne.

Tangu hapo kila ninapotaka kuahirisha najiuliza swali moja: nikisubiri, ni kitu gani kitakachokuwa kimerekebika kesho? Hemoglobini iliyo chini ya 8 naweza kuirekebisha leo kwa damu. Moyo unaokimbia zaidi ya 120 naweza kuutuliza kwa saa chache. Sodiamu iliyo chini ya 120, sukari iliyopanda kupita kiasi, moyo ulioshindwa mpaka mapafu yamejaa maji: hayo yote yana haki ya kunizuia, lakini yananidai nianze kuyashughulikia saa hiyo hiyo, siyo kuandika "asubiri" na kwenda nyumbani. Warfarini, dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda, naitengua kwa vitamini K. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda nazihesabia saa na kuangalia figo. Aspirini hainisimamishi. Na nikisikia mvumo kwenye moyo, namuuliza mgonjwa au watu wake kama amewahi kuzimia, kubanwa kifua au kuhema akipanda ngazi. Eko ikipatikana siku hiyo hiyo, vizuri. Isipopatikana namchukulia kama mwenye vali iliyobana sana: kanula ya ateri, mrija mdogo ndani ya mshipa, ili niione presha kila pigo, dawa ya kubana mishipa tayari imeanza kabla ya usingizi, na tunaingia thieta.

Na maji. Mwacheni mzee anywe maji mpaka zibaki saa mbili kabla ya upasuaji. Siku hizi napita wodini mwenyewe kumuuliza sista ni nani amezuiwa kunywa na tangu lini, kwa sababu nimeona ndimi zilizokauka kama gome kwa watu ambao zamu yao ya thieta ilikuwa bado mchana mzima.

Jambo ambalo ningependa kila hospitali yenye sindano na dawa ya ganzi ilifanye, hata kama haina kingine, ni ganzi ya nyonga mgonjwa anapopokelewa. Nitaeleza mara moja nilivyoiona kwa karibu.

Alikuwa bibi wa miaka 90. Alikuwa ameshapewa mofini mara mbili. Alipoachwa alisinzia na pumzi ikawa ya kuhesabika, alipoguswa alipiga kelele. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika chuma cha pembeni mwa kitanda, vidole vimekaza mpaka kucha zimekuwa nyeupe, na hakukiachia hata nilipomsalimia. Nilipaka dawa kwenye kinena, nikatia ganzi kidogo ya ngozi, nikaweka kifaa cha altrasaundi nikautafuta mstari mweupe wa utando unaofunika iliaka, msuli wa ndani ya nyonga. Sindano ikapita utando wa kwanza, nikausikia kwenye vidole ukipasuka kidogo, kisha wa pili. Nikasukuma bupivakaini, dawa ya ganzi, ya asilimia 0.25, mililita 30, polepole, nikivuta nyuma kila mara kuhakikisha siko kwenye mshipa wa damu, na dawa ikatandaza utando ule kama mtu anayeinua shuka kutoka juu ya godoro. Kilo zake zilikuwa zimepimwa na dozi imehesabiwa isizidi miligramu 2 kwa kilo. Kazi yote ilichukua dakika 10.

Baada ya dakika 20 nilirudi. Wauguzi wawili walikuwa wamemgeuza kubadilisha shuka, naye hakulia. Alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, na ule mkono ulikuwa umeachia chuma, umelala juu ya tumbo lake. Sikuwahi kuona mofini ikifanya hivyo kwa mtu wa umri ule bila kumdai pumzi au akili. Bado naitumia, lakini miligramu moja au mbili kwa wakati, na sidanganywi na kreatinini, kipimo cha damu cha figo, inayosomeka kawaida. Mzee mwenye misuli michache hutoa kreatinini chache, hivyo figo zake zinaweza kuwa zimechoka huku karatasi ya maabara ikisema ziko salama. Ndiyo maana pia dawa kama diklofenaki, zinazoweza kuumiza figo, siwaandikii. Parasetamoli kwa saa zake, ganzi, na mofini kidogo kidogo. Hiyo inatosha kwa wengi.

Halafu kuna ugomvi wa sindano ya mgongo na nusukaputi, yaani kumlaza mgonjwa usingizi kabisa. Nimekaa kwenye mabishano hayo miaka mingi, na kwa muda mrefu nilikuwa upande wa mgongo kwa moyo wangu wote. August Bier aliifanya kwa mara ya kwanza kule Kiel mwaka 1898, na kwa mzee mwenye mapafu mabovu bado naiona kama zawadi. Lakini mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti wa REGAIN wa Marekani na Kanada, wagonjwa 1,600 wa kuvunjika nyonga, nusu mgongo, nusu nusukaputi. Baada ya siku 60, waliofariki au kushindwa kutembea wenyewe walikuwa asilimia 18.5 upande mmoja na 18.0 upande mwingine. Kuchanganyikiwa nako kulikuwa sawa. Ilinibidi niache kuwatisha watu na nusukaputi.

Ninachokiamini sasa ni kwamba njia mnayoifanya vizuri, kwa mkono mwepesi, ndiyo njia. Sindano ya mgongo yenye mililita 3 za bupivakaini nzito itamwangusha mzee presha vibaya kuliko nusukaputi iliyopimwa. Mimi hutia mililita 1.5 hadi 2 za ile ya asilimia 0.5, simpi mgonjwa dripu za kumfurika, namwanzishia fenilefrini mapema, na mkanda wa presha naupangia kila dakika moja kwa robo saa ya kwanza. Simlazimishi kukaa. Kwa kuwa nyonga ina ganzi tayari, hulala kwa ubavu akainamisha magoti kadiri anavyoweza. Mgongo wa mzee umeota mifupa, kano zimekuwa ngumu, na katikati mara nyingi hapapitiki, hivyo huanzia pembeni, sentimita moja au moja na nusu kutoka mstari wa kati. Nikigonga mfupa mara tatu naacha, nawaza upya. Sichimbi.

Akishapata ganzi ya mgongo, wenzangu wengi humlaza kabisa kwa dawa za usingizi ili "asisumbuke". Hapo hupatikana nusukaputi isiyo na ulinzi wa njia ya hewa. Mimi nakaa naye. Nilikuwa na mzee mmoja, seremala wa maisha yake yote, ambaye hakutaka dawa yoyote ya kusinzia. Upande wa pili wa pazia daktari wa mifupa alikuwa anagonga. Mzee akasikiliza kwa muda, macho kwenye dari, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyo anayegonga ni fundi wa miaka mingi?" Nikamwambia ndiyo, babu, ni wa miaka mingi. Akasema, "Nasikia. Hapigi kwa hasira." Presha yake ilikaa 128 mpaka tulipomaliza.

Saa ya saruji ndiyo saa ambayo sitaki mtu aniongeleshe habari nyingine. Kiungo bandia kinapowekwa kwa saruji ya mfupa, saruji ikisukumwa ndani ya uwazi wa mfupa wa paja huongeza mgandamizo, na mafuta, uboho na hewa hukimbilia kwenye mishipa ya damu hadi mapafuni. Upande wa kulia wa moyo unakuta mlango umefungwa. Kwa kijana huenda usione lolote. Kwa mwenye miaka 88, mwenye mapafu mabovu, moyo unaweza kusimama pale pale mezani.

Nilimwona mmoja hivyo, akiwa kwenye nusukaputi. Daktari wa mifupa alisema kwa sauti, kama tulivyokubaliana kabla ya kuanza, "Naandaa saruji." Nikapandisha oksijeni hadi asilimia 100, nikahakikisha presha iko karibu na ile aliyokuja nayo, nikashika bomba la adrenalini nililokwisha kulichanganya. Akasema, "Naingiza." Namba ya kwanza kubadilika haikuwa presha. Ilikuwa kaboni dioksidi ya pumzi inayotoka: 34, 31, 25, 18, ndani ya pumzi chache. Ukiisubiri presha umechelewa. Nilimwambia asimamishe mkono, nikatoa adrenalini mikrogramu 20, nikarudia, nikarudia tena. Presha ilishuka hadi 48 kisha ikaanza kupanda, na kaboni dioksidi ikarudi taratibu. Chumba kizima kilikuwa kimya. Bibi yule alirudi wodini siku hiyo hiyo jioni.

Alipona kwa sababu daktari wa mifupa alitamka. Alikuwa pia ameosha na kukausha mfupa vizuri na kuvuta uchafu kwa mpira kabla ya kumimina, na hakusukuma kwa nguvu, yote kwa sababu dakika 40 kabla tulikaa tukasema kwamba huyu ni wa kuangaliwa. Nimefanya kazi pia na madaktari wa mifupa wasiotamka. Siku hizi mgonjwa haingii chumbani kabla hatujakubaliana nani atasema nini saruji ikiandaliwa.

Mengine nitayapitia haraka, si kwa kuwa ni madogo. Wazee hupoa upesi, kwa hiyo blanketi la hewa ya moto huanza kabla ya dawa ya kwanza. Plasta huchuna ngozi yao kama karatasi iliyolowa, bora bandeji ya kuzungushia. Goti, kisigino na kiwiko viwekewe mto. Asidi ya traneksamiki, ya kupunguza kutoka damu, gramu moja mwanzoni, kama hakuna sababu ya kuizuia.

Kuchanganyikiwa baada ya upasuaji nataka nikuzungumzie zaidi, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa nikijidanganya. Nilidhani mgonjwa aliyechanganyikiwa ni yule anayeng'oa kanula na kupigana na wauguzi. Huyo huonekana. Wa pili haonekani. Siku moja nilipita wodini kumwona mzee niliyempa ganzi jana yake, faili limeandikwa "ametulia, amelala vizuri". Binti yake alikuwa amekaa pembeni, akasimama aliponiona. "Daktari, baba hanifahamu. Nimekaa hapa tangu asubuhi, ananitazama tu." Nilimwomba mzee aniambie siku za wiki kwa kurudi nyuma. Alinitazama, akafumba macho.

Tulianza kutafuta. Oksijeni ilikuwa sawa, sodiamu sawa. Nikaweka mkono juu ya tumbo, chini ya kitovu, pakawa pagumu kama mpira. Mpira wa mkojo ulikuwa umeziba. Ulipofunguliwa zilitoka zaidi ya mililita 800. Halafu binti akauliza kile kifaa cha masikio kinachomsaidia kusikia kiko wapi. Kilikuwa kwenye mfuko wa nguo zake, umefungwa fundo, chini ya kitanda, tangu alipovuliwa kwenda thieta. Na mle kwenye karatasi ya dawa palikuwa na promethazini, dawa inayoweza kuvuruga akili ya mzee, iliyoandikwa usiku kwa ajili ya kichefuchefu.

Alimtambua binti yake kesho yake jioni. Mimi nilibadilisha mambo matatu wiki ile ile. Promethazini, diazepamu, midazolamu na pethidini nimeziondoa kwenye mkono wangu kwa watu hawa. Kifaa cha masikio na miwani vinaingia na mgonjwa thieta, vinatolewa dakika ya mwisho na kukaa kwenye mfuko uliofungwa kwenye kitanda chake, na vinarudishwa kabla hajafumbua macho sawasawa. Na nikiona neno "ametulia" kwenye faili la mtu wa miaka 80, nakaa pale nizungumze naye.

Kuna mazungumzo mengine ninayoyafanya kabla ya yote hayo, na watu wake wakiwepo. Tafiti nyingi huonyesha kwamba kati ya asilimia 20 na 30 ya wanaovunjika nyonga uzeeni hufariki ndani ya mwaka mmoja. Nilikuwa nikiificha namba hiyo nikidhani naleta faraja. Sasa naisema, kwa upole, na naieleza pamoja na kwamba hata kwa aliyedhoofu sana upasuaji mara nyingi ndiyo dawa kubwa ya maumivu: bila mfupa kushikwa, kila kugeuzwa na kila kuoshwa ni mateso. Nauliza alikuwa akifanya nini wiki iliyopita, alitembea hadi wapi, anapenda nini. Na namuuliza mwenyewe kwanza, kabla ya kuwageukia watoto wake, kwa sababu mara nyingi tunamzungumzia akiwa palepale anatusikia.

Wiki iliyopita nilimpitia babu wa miaka 86 asubuhi ya siku ya kwanza baada ya upasuaji. Kifaa chake kilikuwa sikioni. Mtaalamu wa viungo alikuwa amemkalisha pembeni mwa kitanda na kigari cha kutembelea mbele yake. Babu akaniuliza, "Nikanyage kweli, mwanangu? Hautavunjika tena?" Nikamwambia akanyage, chuma kimeshika. Aliinuka, akasimama kwa sekunde chache, uso ukabadilika rangi. Tukamkalisha, tukapima, presha 88. Tulimpa maji, nikapunguza dawa moja ya presha aliyokuwa ameandikiwa tena kwa mazoea, tukamwacha akae na miguu ikining'inia. Saa nane mchana tulijaribu upya. Alifika kwenye kiti, hatua nne, akakaa humo mpaka watu wake walipokuja kumwona.